Visiki vya Mkwaja

Ranchi ya Mkwaja, kaskazini mwa Saadani, ilianzishwa miaka ya 1950 ili kuwapatia nyama manamba wa mashamba ya mkonge ya Amboni. Ilifungwa mwaka 2000, na leo ardhi yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kilichoiua, wengi husema, ni mbung'o. Ni kweli, ila si kweli yote. Ng'ombe wa Kiborani walikingwa kwa sindano dhidi ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, mwaka hadi mwaka, wakaishi na kuzaa. Vichaka ndivyo vilivyokosa dawa. Migunga na mikulagembe ilivamia malisho, mbung'o wakapata kivuli, na palipofyekwa pakarudi kusongamana. Ndiyo maana naona historia ya ranchi hii haieleweki bila kuchungulia ndani ya kisiki.

Mti hutawaliwa na kilele chake. Majani machanga ya huko juu hutengeneza homoni iitwayo oksini, nayo hushuka shinani na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Miaka ya 1930 wanasayansi Thimann na Skoog walikata vilele vya miche ya jamii ya maharage, wakaweka oksini penye jeraha, na macho yakaendelea kulala. Panga la mfyekaji hufanya nusu ya jaribio hilo: hukata, lakini halirudishi oksini. Saitokinini, homoni ya kuamsha, huongezeka kwenye vifundo. Akiba ya chakula iliyomo mizizini hupanda. Na palipokuwa na shina moja hutoka fimbo nyingi zenye miiba. Mkulagembe ni mbaya zaidi, maana hata mizizi yake huchipua.

Wapo watakaosema chanzo ni ng'ombe wenyewe: nyasi zikiliwa zikaisha, moto hukosa nguvu ya kuunguza miche. Hoja hiyo ni nzito, na inaeleza vichaka vilivyoingia. Haielezi kwa nini havikutoka. Mgunga uliokwisha kushika mizizi ukiungua juu huchipua chini, kwa kanuni ileile ya kilele kilichoondoka. Kweli, sumu ya mimea ya 2,4-D, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1940, ni oksini ya kiwandani inayoua mmea kwa kuuzidishia homoni. Lakini kuipeleka kisiki kwa kisiki katika kilomita za mraba zaidi ya 400 ni gharama ambayo bei ya nyama isingeweza kuirudisha.