Historia ya Mbolea na Sumu Ghalani, na Funzo Lake kwa Vyama Vyetu

Kurasa nyingine za kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka kumi zaeleza habari za mazao, bei na majengo ya Chama chetu Kikuu. Sisi twapenda kusema juu ya ghala. Kila msimu mbolea, salfa na viuatilifu hupita katika maghala ya vyama vya msingi, vikishikwa na watunza ghala, makarani, wachukuzi na wanachama wenyewe. Vitu hivi vimetuongezea mavuno. Lakini historia yake katika dunia ina maafa makubwa, na mengi ya maafa hayo yana asili moja: hatari ilijulikana kwa wenye elimu, wala haikufikishwa kwa yule aliyeshika gunia.

Na tuanze na mbolea. Tarehe 16 Aprili 1947, katika bandari ya Texas City nchini Marekani, meli ya Kifaransa iitwayo Grandcamp ilikuwa imepakia tani 2,300 hivi za mbolea ya amonia naitreti katika magunia ya karatasi. Asubuhi moshi ulionekana ukitoka katika shehena. Ili mbolea isiharibiwe na maji, iliamriwa milango ya shehena ifungwe na mvuke uingizwe, kwa nia ya kuunyima moto hewa. Lakini mbolea hiyo ina oksijeni ndani yake, haihitaji hewa ya nje. Na joto likazidi. Watu wakakusanyika gatini kutazama moshi ule wenye rangi ya ajabu. Ilipopata saa tatu na dakika kumi na mbili, meli ililipuka. Watu zaidi ya 500 walikufa, na katika wazimamoto 28 wa kujitolea wa mji ule, 27 waliuawa.

Yadhaniwa kwamba somo la namna hiyo halisahauliki. Hata hivyo, tarehe 17 Aprili 2013, katika jimbo lile lile la Texas, ghala la mbolea la mji mdogo wa West lilishika moto. Lilikuwa jengo la mbao, na mbolea ya aina ile ile iliwekwa katika vihenge vya mbao. Watu 15 walikufa, na 12 kati yao ndio waliokwenda kuuzima moto na kutoa msaada. Wachunguzi wa serikali walionyesha ya kuwa wazimamoto hawakuwa wamefundishwa vya kutosha juu ya moto wa mbolea hiyo. Miaka 66 ilikuwa imepita, na maarifa yalikuwa yangali vitabuni.

Ieleweke kwamba si kila mbolea hulipuka. Urea si ya jamii hiyo, na CAN, iliyochanganywa na chokaa, hatari yake ni ndogo kuliko ya amonia naitreti halisi. Lakini mbolea yoyote yenye naitreti haifai kuwekwa pamoja na mafuta, makaa, wala salfa tunayopuliza mikorosho. Salfa yenyewe huwaka upesi, na moshi wake hukaba pumzi.

Sasa tutazame sumu. Mwaka 1971, baada ya ukame, serikali ya Iraki iliagiza mbegu za ngano na shayiri kutoka ng'ambo. Mbegu zilikuwa zimetiwa dawa ya zebaki ili zisiote ukungu, na kupakwa rangi nyekundu zipate kutambulikana. Onyo liliandikwa juu ya magunia kwa lugha za kigeni, pamoja na picha ya fuvu la kichwa ambayo wakulima wengi hawakujua maana yake. Katika sehemu nyingi mbegu zilifika baada ya wakati wa kupanda, na watu walikuwa na njaa. Wengine waliziosha, rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka. Wengine walizijaribu kwa kuku, na kuku hawakufa katika siku zile chache. Lakini zebaki hukawia majuma kadhaa kabla ya kuonyesha ganzi ya mikono, kufifia kwa macho na kuyumba kwa miguu. Wagonjwa 6,530 walilazwa hospitali, na 459 wakafa humo. Wala haukuwa msiba wa kwanza: nchi hiyo ilikuwa imekwisha kupatwa na msiba kama huo mwaka 1956 na mwaka 1960.

Msiba wa Bhopal nchini India wajulikana kwa wengi. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, tani 40 hivi za gesi ya sumu zilitoka katika kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide. Jokofu la kupoza tangi lilikuwa limezimwa, mnara wa kuchomea gesi ulikuwa katika matengenezo, na muda wa mafunzo ya wafanyakazi ulikuwa umepunguzwa. Majirani hawakupata kufundishwa jambo jepesi kabisa, yaani kujifunika uso kwa nguo iliyolowa maji. Wengi walikimbia wakihema, wakazidi kuivuta gesi. Maelfu walikufa.

Wala tusidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1986 shehena ya viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, ambavyo baadhi yake vilikuwa vimekwisha muda wake, ilipelekwa katika shamba la Vikuge, Kibaha. Banda lililohifadhi shehena hiyo likabomoka, na sumu ikaingia ardhini. Wataalamu waliopima udongo ule miaka mingi baadaye waliikuta DDT ingalimo.

Katika nchi yetu sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri awafundishe wafanyakazi wake na kuwapa vifaa vya kinga. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Lakini sheria, kama maandishi ya gunia la Iraki, haimlindi asiyesomewa. Na lugha yetu nayo yatuponza: sumu ya wadudu twaiita "dawa", na mtoto aliyezoea kuambiwa kwamba dawa huponya, ataogopaje chupa yake?

Kwa hiyo twawaomba viongozi na wanachama wa kila chama cha msingi wakubaliane mambo machache. Mtunza ghala asikabidhiwe funguo kabla ya kufundishwa. Maandishi ya kila chupa na gunia yasomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, siku ya kugawa. Chupa tupu zitobolewe, zisitekewe maji. Mtu akimwagikiwa, avuliwe nguo na kuoshwa kwa sabuni na maji mengi. Akimeza, asilazimishwe kutapika, wala asidanganywe na maziwa, bali apelekwe hospitali mara moja pamoja na karatasi ya chupa ile. Moto ukiisha kuifikia mbolea yenye naitreti, watu waondoke mbali, wala asibaki mtu wa kutazama. Na mambo haya yafanyiwe mazoezi kila mwaka kabla ya msimu, mchukuzi na mwenyekiti wakiwa pamoja.

Gharama yake si kubwa: ni siku moja, sabuni, maji, na mtaalamu wa kufundisha. Kitabu cha miaka ishirini kitakapoandikwa, twatumaini kitataja tani nyingi zaidi kuliko hiki, na kwamba hakitakuwa na jina la mwanachama wala mtumishi hata mmoja aliyekufa kwa kutokuambiwa.