Kipimo cha Moyo Kilivyofika Mkononi
Mashine ya kurekodi umeme wa moyo, yaani mikondo midogo inayoufanya msuli huo udunde, ilipoundwa na Willem Einthoven mjini Leiden mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alitumbukiza mikono yote miwili na mguu wa kushoto katika vyombo vya maji ya chumvi. Mageuzi makubwa zaidi, ambayo hayatajwi inavyostahili, yalitokea Montana, Marekani, ambako katika miaka ya 1940 Norman Holter alitengeneza mtambo wa redio wa kilo 38, uliobebwa mgongoni, ili moyo uchunguzwe mtu akikanyaga baiskeli. Saa ya Apple ilianza kuchora umeme huo mwaka 2018, kwa sekunde 30 za kugusa kwa kidole.