Kwa Nini Reli Iliishia Kigoma, Si Ujiji

Kati ya Kigoma na Ujiji pana mwendo wa kilomita nane hivi, na leo miji hiyo miwili iko chini ya manispaa moja. Mwaka 1914 umbali huo mdogo uliamua mambo makubwa. Ujiji ilikuwa mji mkongwe wenye soko, misikiti, miembe na jina lililojulikana Zanzibar na London. Kigoma ilikuwa ghuba ya wavuvi. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, chini ya kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt, ilifika Ziwa Tanganyika tarehe 1 Februari 1914 baada ya kilomita zipatazo 1,250, nayo ilifikia Kigoma. Wengi hueleza jambo hilo kwa siasa tupu, kwamba Wajerumani waliukwepa kwa makusudi mji wa Waswahili na Waarabu, wakajijengea wa kwao ili ule wa zamani ufe. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini hayatoshi. Ninachodai hapa ni kwamba mahali pa stesheni ya Kigoma paliamuliwa na maji, na kwamba tangu siku hiyo heri na shari za stesheni hiyo zimetoka ziwani kuliko zilivyotoka relini. Nalisema hili kwa sababu mipango mipya ya reli inaandaliwa sasa hivi, na ziwa linatajwa ndani yake kidogo mno.

Tuanze na ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina kinachofika mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi kwa kina. Ziwa la namna hiyo lina mawimbi ya kweli, na kiangazi, upepo wa kusini-mashariki ukivuma, huchafuka kama bahari. Ufuko wa Ujiji uko wazi mbele ya mawimbi hayo, ni tambarare, na maji yake ni mafupi hadi mbali. Kwa mtumbwi hilo halikuwa tatizo, maana mtumbwi huburutwa mchangani, na wafanyabiashara wa Ujiji walivuka kwenda Manyema, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, kwa miaka mingi bila kuhitaji gati. Meli ya chuma haiburutwi mchangani. Tena ziwa lilikuwa limekwisha kuihama Ujiji kabla Mjerumani hajafika. Katika miaka ya 1870 maji yalikuwa yakipanda, kwa kuwa mto Lukuga, ambao ndio njia pekee ya maji ya ziwa kutoka, ulikuwa umezibwa upande wa magharibi. Mpelelezi Cameron aliuona mwaka 1874, na mpelelezi mwenzake Stanley akaukuta bado una kizuizi mwaka 1876. Mnamo 1878 kizuizi kilibomoka, na katika miaka iliyofuata usawa wa ziwa ukashuka kwa karibu mita kumi. Pwani yenye mteremko mkali kama ile ya Kigoma hupoteza hatua chache tu maji yakishuka hivyo. Ufuko tambarare hubaki na eneo kubwa la mchanga na tope lililokauka. Ndiyo maana mahali pa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana Ujiji mwishoni mwa 1871, leo pako mbali na maji. Ghuba ya Kigoma, kinyume chake, imezungukwa na vilima, rasi ya Bangwe inaikinga, na kina cha maji kinaanza karibu kabisa na nchi kavu.

Mtu anaweza kupinga kwamba nawatetea wakoloni, kwamba hesabu za kina cha maji zilikuwa kisingizio na nia ilikuwa kuuvunja mji wenye nguvu zake. Pingamizi hilo ni zito, nami sikatai kwamba utawala ulifurahia kupata mji mpya usio na wazee wa kuulizwa. Lakini tutazame reli ilipita wapi kabla ya kufika ziwani. Mwaka 1912 iliingia Tabora, na Tabora ilikuwa mji wa biashara ya misafara, mji wa watu walewale wenye nyumba na jamaa Ujiji. Kama nia ingekuwa kuikwepa miji ya Waswahili, Tabora ingekwepwa kwanza. Tutazame pia upande wa pili wa ile njia ya misafara, kule pwani. Bagamoyo nayo iliachwa, ikachukuliwa Dar es Salaam, na sababu ni ileile: Bagamoyo ina ufuko wa maji mafupi ambako jahazi huweza kuegeshwa na meli kubwa haiwezi, ilhali Dar es Salaam ina bandari ya kina iliyojificha ndani. Njia moja, ncha zake mbili, na kila ncha ilihamia kwa jirani mwenye maji marefu. Sioni namna ya kuueleza mfanano huo kwa chuki peke yake.

Lipo na jambo la pili. Treni haikuikuta Ujiji ikiwa katika kilele chake. Wapelelezi Burton na Speke walipoondoka pwani Juni 1857 na kufika Ujiji Februari 1858, waliukuta mji uliokuwa unakua. Katika miaka ya 1870 mji huo uliongozwa na Mwinyi Kheri, aliyefariki mwaka 1885. Baada yake nguvu zilikuwa mikononi mwa Rumaliza, yaani Mohammed bin Khalfan, hadi majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yalipowashinda wafanyabiashara wa pwani huko Kongo katika vita vya 1892 hadi 1894. Hapo Manyema ilifungwa kwa Ujiji. Pembe za ndovu zikaanza kuelekea bahari ya magharibi kwa mto Kongo, na biashara ya watumwa, ambayo ni aibu isiyofichika katika historia ya mji huo, ikakatwa. Treni ilikuja miaka ishirini baada ya pigo hilo. Ilichofanya ni kuikomesha kazi ya wapagazi wa misafara, na hata hilo halikuua watu wa Ujiji, maana mabaharia wa ziwa, wachuuzi na wachukuzi wa mji mpya walitoka kwa wingi huko huko.

Stesheni yenyewe, ukiitazama ilivyopangwa, inaunga mkono hoja hii. Imesimama chini kabisa ya Barabara ya Lumumba, ile inayoteremka kutoka upande wa mtaa wa Mwanga. Ni jengo jeupe la ghorofa lenye matao, kubwa kupita mahitaji ya mji ambao wakati ule ulikuwa haujajengwa. Ndani kuna vya kawaida vya stesheni yoyote ya Reli ya Kati: madirisha ya tiketi, mahali pa abiria kungojea, ofisi, jukwaa. Jambo la kuangalia liko nje. Njia za reli hazikomi penye abiria. Zinaendelea hadi bandarini, ambako mzigo hutolewa kwenye mabehewa na kuingizwa kwenye meli na boti za kwenda Kalemie, Uvira, Bujumbura na Mpulungu. Ziwa Victoria lina meli za kubeba mabehewa mazima, kama MV Umoja, ambapo behewa huingia melini na magurudumu yake. Tanganyika halikupata meli ya aina hiyo. Hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja mzigo mwingi wa Kigoma umehamishwa kwa mgongo wa mtu. Mlango wa behewa unasukumwa ubavuni, wawili wanabaki ndani kutweka, wengine wanainama mlangoni kupokea mfuko wa saruji au kiroba cha unga begani, kisha wanapita juu ya ubao unaopinda kati ya gati na boti. Kurudi wanakuja na magunia ya dagaa na madumu ya mawese. Historia nyingi za reli zinawataja wahandisi na kuwasahau watu hawa, na mimi naona bila wao stesheni hii isingefanya kazi hata wiki moja.

Ushahidi ulio wazi kupita wote ni meli ambayo Watanzania tunaijua kwa jina la Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikasafirishwa kwa reli hadi Kigoma. Huko iliunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Meli iliyoitangulia, Hedwig von Wissmann, ilipelekwa ziwani mwaka 1900 kwa njia ya kusini, kwa Zambezi na Nyasa, kwa taabu kubwa. Kwa maneno mengine, mzigo mashuhuri kuliko yote uliowahi kushushwa Kigoma ulikuwa meli. Vita vilianza miezi sita tu baada ya reli kufika, na ghuba ikawa kambi. Ndege za majini za Wabelgiji ziliishambulia Kigoma katikati ya 1916. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nyingi ili isishike kutu, na siku chache baadaye Wabelgiji wakauchukua mji. Waingereza waliiinua meli hiyo mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya.

Washindi hao wa vita walielewa vizuri thamani ya mahali hapa. Kwa mkataba wa Machi 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam, zilizokuja kuitwa Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila kuzuiwa. Upande wa pili wa ziwa Wabelgiji walikuwa na reli yao iliyofika Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwaka 1915. Stesheni ya Kigoma ilikuwa nusu ya njia moja ndefu, na nusu nyingine ilikuwa Kongo. Hapo ndipo penye asili ya shida zake za baadaye. Kongo ilipowaka moto mwaka 1964 na tena mwaka 1996, nusu ile ilikatika. Burundi ilipowekewa vikwazo na majirani zake kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999, njia ya Kigoma na Bujumbura ilifungwa kwa amri ya kisiasa, na hakuna fundi wa reli aliyeweza kuirekebisha kwa spana.

Pingamizi jingine ni la watu, na hili linanigusa kuliko yote. Kwa Waha wa Kasulu na Kibondo stesheni hii ilikuwa lango la nchi kavu. Tangu enzi za Waingereza vijana wa Buha waliandikishwa kwa maelfu kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, wakapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Hao hawakuhusiana na meli wala gati. Nakubali kwamba hapa hoja yangu inapungua. Serikali ya kikoloni iliufanya mkoa huu ghala la nguvukazi, na ikaona haina haja ya kuujengea viwanda wala barabara maadamu treni inawatoa watu. Hata hivyo mkondo huo ulikauka bei ya mkonge ilipoporomoka katika miaka ya 1960, na stesheni haikufungwa. Iliendelea kwa sababu ziwa liliendelea kuleta na kupokea.

Wapo pia watakaosema kwamba kilichoidhoofisha Kigoma ni uendeshaji mbaya wa reli. Ni kweli kwa kiasi chake. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, Shirika la Reli Tanzania liliundwa mwaka 1977. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilipewa asilimia 51 ya hisa, na ubia huo ukavunjika baada ya miaka michache. Mafuriko ya kati ya Kilosa na Gulwe yaliikata njia mwanzoni mwa 2010. Treni ya Deluxe, iliyoanza mwaka 2015, iliwapa abiria nafuu. Lakini gati likikaa bila meli za kutosha, hata treni inayofika kwa saa yake huleta mzigo usio na pa kwenda. Liemba yenyewe ilifikia kusimama ikingoja matengenezo, na serikali imeingia mkataba wa kuifufua.

Sasa inajengwa reli ya kisasa. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 pamoja na njia za kupishania, ulitiwa saini Desemba 2022. Januari 2025 ukafuata mkataba wa njia itakayochepuka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, kilomita 282. Hili la pili ni jema kwa Burundi na kwa Tanzania kwa ujumla, ila wana Kigoma walitazame kwa macho makavu: mzigo wa Burundi, ambao kwa sehemu kubwa umekwisha kuhamia kwenye malori, utakuwa na reli isiyofika ziwani kabisa. Kitakachobaki kwa stesheni ya Kigoma ni Kongo, na Kongo haifikiki kutoka hapo isipokuwa kwa maji. Kwa hiyo fedha zinazotengwa kwa mataruma na vituo zinapaswa kuambatana na fedha za meli za mizigo za kwenda Kalemie, Uvira na Moba, na swali la meli ya kubeba mabehewa lifunguliwe upya, hata kama jibu litakuwa makontena na kreni. Gati nalo lipimwe kwa kumbukumbu za ziwa, maana maji yaliyoshuka mita kumi baada ya 1878 yalipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, na yamepanda tena katika miaka ya 2020 hadi kuingia kwenye nyumba za pwani katika nchi zinazolizunguka. Jengo la zamani lihifadhiwe, na nyaraka na simulizi za wachukuzi, mabaharia na manamba zikusanywe humo, wakati wazee wa Ujiji na Mwanga wanaoweza kuzisimulia bado wapo.