Paa la nyumba ya kiwandani na afya ya wakaazi

Nyumba iliyoundwa kiwandani huweza kusimamishwa kwa siku chache tu, lakini raha na afya ya anayeishi ndani yake hutegemea sana paa aliloezekewa. Historia ya Uingereza inatoa mfano ulio wazi.

Mwaka 1944, mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yakiwa yameziacha familia nyingi bila makaazi, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya nyumba za muda. Kufikia mwaka 1949 zilikuwa zimejengwa zaidi ya nyumba 156,000. Zilikusudiwa kutumika kwa miaka 10 hivi, lakini baadhi zilikaliwa kwa zaidi ya nusu karne.

Bati na unyevu

Maelfu ya nyumba hizo zilitengenezwa kwa alumini, katika viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege za kivita. Kama wajuavyo waliokulia chini ya bati Afrika Mashariki, bamba jembamba la chuma au alumini hupitisha joto upesi: mchana chumba hufukuta, usiku paa hupoa haraka. Mvuke wa pumzi, wa jikoni na wa nguo zilizoanikwa ndani hugusa bati baridi na kugeuka matone. Dari hulowa, ukungu huota, na wenye pumu, watoto na wazee huwa wa kwanza kudhurika.

Hatari ya asbesto

Nyumba za aina ya Arcon ziliezekwa kwa mabamba ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Asbesto haiungui wala haishiki kutu, na wakati huo ilionekana kuwa neema. Bamba zima lisiloguswa halina hatari kubwa. Likikatwa, likitobolewa au likivunjika, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo zikivutwa huweza kusababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka. Maradhi hayo huchukua miaka mingi kujitokeza, mara nyingi zaidi ya 20.

Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Hata hivyo, mapaa yaliyokwisha kuezekwa hayakulazimika kuondolewa.

Kinga

Paa bora huwa na tabaka nene la kuzuia joto juu ya dari, karatasi ya plastiki upande wa ndani ili mvuke usipenye, na matundu ya kupitisha hewa. Kuongeza tabaka hilo huku matundu yakizibwa hufungia unyevu ndani. Katika nchi za joto, rangi nyeupe juu ya bati hupunguza ukali wa jua.

Anayepanga nyumba kongwe asikwangue wala kutoboa paa kabla ya kumwuliza mwenye nyumba limetengenezwa kwa kitu gani. Iwapo ni asbesto, kazi hiyo ni ya mafundi waliofunzwa.