Kung'atuka Si Kufutiwa Hesabu



Katika mkutano wetu uliopita ulizuka ubishi bwaloni ambao haukwisha mpaka jenereta ilipozimwa. Mwenzetu mmoja, ambaye ni katekista parokiani kwake, alisimama kutuomba tuchangie nauli ya mahujaji wa kwenda Namugongo, Uganda, tarehe 1 Juni, siku ambayo waamini hukusanyika pale kumwombea Mwalimu Julius Nyerere ili siku moja atangazwe mtakatifu. Kabla hajaketi, mwingine aliyekuwa kiranja wa bweni letu akamwuliza, "Mzee mwenzangu, na ile Operesheni ya mwaka 1972 mtamwambia Baba Mtakatifu nini?" Katekista akajibu kwamba mtakatifu si malaika, na kwamba mtu aliyeuacha urais kwa hiari yake, katika Afrika hii, amekwisha kuonyesha moyo wake. Kiranja akasema kuondoka ofisini hakumrudishii mtu nyumba yake.

Kwa kuwa nimefundisha somo la historia miaka mingi, Kamati iliniagiza niandike machache juu ya jambo hilo. Naandika kama mwalimu, lakini pia kama mtoto wa Kibondo aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mmoja mwaka 1972. Msomaji ajue tangu mwanzo kwamba mimi si shahidi wa mbali.

Kwanza tutazame neno lenyewe. Lugha yetu ina maneno mawili kwa jambo hili. Kujiuzulu ni kuacha kazi, mara nyingi kwa sababu kuna lililoharibika. Kung'atuka ni neno la Kizanaki ambalo Mwalimu mwenyewe alilitia katika Kiswahili cha siasa, na maana yake ni mzee kuwapisha wengine wakati wake unapotimia. Tanzania imeyaona yote mawili. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu watu walikuwa wamekufa kwa mateso mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu hata mmoja, lakini alikubali kwamba aliyeshika wizara hubeba lawama ya wizara. Miaka minane baadaye, Novemba 1985, ni yeye huyo aliyepokea urais kutoka kwa Mwalimu aliyeng'atuka.

Mwalimu alikuwa na desturi ya kuacha vyeo. Mwaka 1955 aliacha ualimu wa Pugu alipotakiwa achague kati ya kufundisha na siasa. Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, aliacha uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, ili apate nafasi ya kukijenga chama cha TANU. Mwaka 1985 aliacha urais, na mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa CCM. Siku zile marais wa Afrika walioondoka bila kupinduliwa wala kufa walihesabika kwa vidole. Léopold Senghor wa Senegal, naye Mkatoliki, alikuwa ameondoka mwisho wa mwaka 1980. Hapo katekista wetu ana haki kabisa, na asiyeliona hilo hajui historia ya bara lake.

Lakini ubishi wetu haukuwa juu ya kuondoka tu. Ulikuwa juu ya kilichoachwa nyuma. Mwaka 2005, Jimbo Katoliki la Musoma lilipoanza kazi ya kuchunguza maisha yake, Mwalimu alianza kuitwa Mtumishi wa Mungu, na tangu hapo Watanzania wamekuwa wakibishana. Wapo Waislamu wanaokumbusha kufungwa kwa jumuiya yao ya EAMWS mwaka 1968. Wapo wanaokumbusha sheria ya mwaka 1962 iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma tuna neno letu, nalo ni Operesheni Kigoma.

Vijana, sikilizeni. Mwaka 1967 Mwalimu aliandika kijitabu juu ya ujamaa vijijini, na humo alisisitiza kwamba vijiji vijengwe kwa hiari ya watu. Mwaka 1968 aliandika tena kwamba watu hawaendelezwi kwa nguvu, hujiendeleza wenyewe. Oktoba 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposimama pamoja na wanyonge dhidi ya mifumo inayowakandamiza, litapoteza maana yake. Maneno hayo ni mazuri, nami nimeyafundisha kwa furaha. Hata hivyo mwaka 1972 Operesheni ilifika kwetu, na tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kuishi katika vijiji ni lazima nchini kote. Alipotoa taarifa ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, alieleza kwamba watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji zaidi ya 7,600.

Waha wa Heru, Muhambwe na Buyungu hawakuwa wageni wa kuhamishwa. Katika miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza iliwakusanya wengi wao katika makazi ya pamoja kwa ajili ya kupambana na malale. Baadaye vijana walichukuliwa kwa mikataba kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Kwa hiyo lori lilipotokea, wazee walikwisha kulijua lori.

Sisi lilitufikia wakati wa kiangazi. Bibi yangu alikuwa na migomba iliyozunguka nyumba, na kaburi la babu lilikuwa chini ya migomba hiyo. Alikataa kuondoka. Hakumtukana mtu, alikaa tu mlangoni na kikapu cha maharage ya mbegu mapajani. Waliotumwa walipanda juu ya paa wakaanza kutoa nyasi, fungu moja moja, mpaka jua likamwangukia pale alipoketi. Hapo akasimama mwenyewe, akapanda lori. Mihogo tuliiacha ardhini. Mwaka ule tulikula kwa taabu, maana mahali papya palikuwa pori na mvua ilitukuta hatujalima vya kutosha. Bibi aliishi miaka sita zaidi, na kila alipoweza alitembea nusu siku kwenda kupalilia kaburi lile.

Sasa nieleze upande wa pili, maana bila huo nitakuwa mwongo. Katika kijiji kile kipya kulijengwa shule, hatua chache kutoka nyumbani. Dada yangu mkubwa hakusoma hata siku moja, kwa kuwa shule ya zamani ilikuwa mbali, kuvuka mto. Mimi nilisoma, nikafaulu, nikaja hapa. Kama lori lile lisingefika, huenda leo nisingekuwa nawaandikia ninyi. Ndiyo sababu usiku ule bwaloni nilinyamaza. Mtu aliyelishwa na jambo lililomwumiza bibi yake hupata kigugumizi.

Watetezi wa Mwalimu husema kwamba siasa iliyoshindwa si dhambi, na kwamba ukali ulikuwa wa watendaji wa chini. Hoja ya kwanza naikubali. Kanisa linapomchunguza mtu halipimi mavuno ya mahindi. Linatazama kama alizishika fadhila kwa kiwango cha kishujaa: imani, matumaini na mapendo, pamoja na busara, haki, nguvu na kiasi. Mwalimu alisali misa kila alipoweza, hakujilimbikizia mali, na mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipogomea masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza karibu 400 lakini pia akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wakimbizi walipokuja, hakuwafungia mlango. Mwaka 1983 Umoja wa Mataifa ulimpa nishani ya Nansen kwa ajili hiyo. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuwapatanisha Warundi, tangu 1996 mpaka alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na mkataba ukatiwa sahihi Arusha mwezi Agosti 2000. Sisi tuliokua tukiona moshi wa majiko ya Mtendeli, Nduta na Mtabila tunajua kazi hiyo ilikuwa na uzito gani. Kambi ya Mtendeli ilifunguliwa tena Januari 2016, ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2021, na watu wake wakapandishwa magari tena kupelekwa Nduta. Nilipoona hayo nilimkumbuka bibi.

Hoja ya pili, ile ya watendaji wa chini, siipokei nzima. Mwaka uleule wa 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, mabaraza ya wilaya yaliyochaguliwa na wananchi yalivunjwa. Maana yake ni kwamba siku ile paa lilipoezuliwa, bibi hakuwa na diwani wa kumpelekea malalamiko. Mtendaji wa chini alikuwa mkali kwa sababu juu yake palikuwa na amri, na chini yake hapakuwa na mtu wa kumhoji. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri waziwazi kwamba kama angeanza upya, kuna mambo mawili asingeyafanya: kuvunja serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Ungamo hilo ni la mtu mkubwa. Lakini kuwahamisha watu kwa nguvu hakukuwamo kati ya hayo mawili.

Tusidhani kwamba mizani hii ni ya Tanzania peke yake. Papa Celestino wa Tano aliacha upapa mwaka 1294, na mwaka 1313 alitangazwa mtakatifu. Papa Benedikto wa Kumi na Sita alitangaza kujiuzulu tarehe 11 Februari 2013, na wengi walimsifu kwa unyenyekevu. Hata hivyo Januari 2022 ripoti iliyoagizwa na Jimbo Kuu la Munich ilimlaumu kwa jinsi alivyoshughulikia kesi nne za mapadre waliodhulumu watoto, alipokuwa askofu mkuu pale kati ya 1977 na 1982. Yeye alikana kutenda kosa, lakini mwezi uliofuata aliandika barua ya kuwaomba radhi walioumizwa. Alikuwa na umri wa miaka 94, tena alikwisha kuondoka ofisini miaka tisa nyuma. Kumbe kuacha kiti hakukufunga daftari. Waliodhulumiwa walikuwa hai bado, na walitaka kusikilizwa.

Basi jibu langu kwa kiranja na kwa katekista ni hili. Kung'atuka ni fadhila, tena kubwa, na iandikwe upande wa faida. Lakini kung'atuka si kufutiwa hesabu. Aliyeondoka kwa heshima ametupa nafasi ya kuisema hesabu hiyo bila hofu, jambo ambalo anayeng'ang'ania kiti hawapi watu wake. Tukiitumia nafasi hiyo kuimba sifa tu, tunaipoteza. Tukiitumia kutukana tu, tunaipoteza vilevile.

Kanisa lenyewe, katika kazi ya namna hii, hutaka mashahidi wa pande zote mbili. Hapo ndipo nina wasiwasi. Barua, hotuba na vitabu vya Mwalimu vimehifadhiwa, na havitapotea. Ushahidi wa Kasulu na Kibondo umo vichwani mwa wazee, na kila mwaka tunawazika. Aliyekuwa na miaka thelathini siku ya lori, leo amekwisha pita themanini. Kama hawataulizwa, basi uchunguzi wowote, wa Kanisa au wa wanahistoria, utakuwa na sauti ya mwenye amri bila sauti ya aliyeamriwa.

Kwa hiyo, ninyi vijana wa Kidato cha Tatu na cha Nne, mkienda likizo, chukueni daftari. Mwulizeni babu au bibi mambo manne tu: mlikaa wapi kabla ya 1972, nani aliwaambia mhame, mlichukua nini na mliacha nini, na mlipata nini huko mlikokwenda. Andikeni kama anavyosema, hata kama anamsifu Mwalimu, hata kama anamlaumu. Tarehe, kijiji na jina la kaburi lililoachwa viwemo. Daftari hizo zikabidhiwe kwa mwalimu wa historia, zitunzwe katika maktaba yetu.

Kuhusu nauli ya Namugongo, nimekwisha kuchangia. Katekista alishangaa. Nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba akifika pale, baada ya kumwombea Mwalimu, amwombee pia bibi mmoja wa Kibondo aliyeketi mlangoni na maharage yake ya mbegu. Alikubali. Kiranja naye alipopata habari, alitoa shilingi zake kimya kimya, akasema ni za mafuta ya gari.