Tausi wa Mabega Meusi na Unyoya wa Ituri

Asili ya tausi wa mapambo tunaowafahamu ni Bara Hindi. Mara chache, miongoni mwao huzaliwa dume mwenye mabawa meusi yanayong'aa, badala ya yale yenye michirizi ya kahawia. Mwaka 1860 mtaalamu wa ndege Mwingereza, Philip Sclater, alimpa jina la spishi ya pekee: Pavo nigripennis. Charles Darwin hakukubali. Katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu wanyama na mimea ya kufugwa, alitumia ushahidi wa wafugaji wa Uingereza walioona tausi hao wakizuka ghafla katika makundi ya tausi wa kawaida. Tena, hakuna aliyewahi kuonyesha msitu wanakoishi peke yao. Basi ni rangi tu iliyobadilika, si spishi mpya.

Kosa la namna hiyo, lakini la kinyume, lilihusu jirani zetu. Mwaka 1913 huko Avakubi, Ituri, ng'ambo ya mpaka wa magharibi wa Uganda, Mmarekani James Chapin aliona unyoya katika kofia ya mwenyeji, akashindwa kuutambua. Aliuhifadhi miaka 23. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa. Kibandiko chao kilisema ni tausi wachanga wa Kihindi. Unyoya wake ulilingana na wao. Kumbe walikuwa tausi wa Kongo! Akawaita Afropavo congensis, na mwaka uliofuata akaenda Kongo akawapata msituni.

Kwa hiyo Uingereza ndege wa kufugwa alidhaniwa spishi, na Ubelgiji spishi ya Afrika ilidhaniwa ndege wa kuletwa. Naona chanzo cha makosa yote mawili ni kimoja: ndege alitazamwa kabatini, bila kuwauliza walioishi naye. Darwin alisahihisha kosa kwa kuwasikiliza wafugaji. Chapin alisaidiwa na unyoya wa mtu ambaye masimulizi humwita "mwenyeji" tu, bila jina.

Sisi wanafunzi wa historia hapa Kampala tunafundishwa kuhoji simulizi za wazee. Ni sawa. Lakini kibandiko cha makumbusho nacho kina mwandishi, na mwandishi huyo hukosea. Tukihoje vilevile. Unyoya ule ulikuwa kofiani Ituri kabla haujapata jina la kisayansi.