Slaisi katika gofu

Slaisi ni pigo la gofu ambapo mpira hupaa, kisha ukiwa hewani hukata kulia na kuangukia vichakani. Kwa anayepiga kwa mkono wa kushoto hukata kushoto. Makala hii inamzungumzia wa kulia. Slaisi ni miongoni mwa makosa yanayowasumbua sana wanaojifunza, na wengi hulitibu kwa dawa inayoliongeza.

Chanzo chake ni kimoja: fimbo inapogonga mpira, uso wake unatazama kulia zaidi kuliko njia ambayo fimbo yenyewe inapita. Mguso huo huchukua takriban sekunde 0.0005, lakini unatosha kuufanya mpira uzunguke huku umeinama upande. Mjerumani Heinrich Gustav Magnus alieleza mwaka 1852 jinsi hewa inavyokisukuma pembeni kitu kinachozunguka. Katika miaka ya 1890 Peter Guthrie Tait, mwanafizikia wa Edinburgh aliyeupenda mchezo huu, alitumia elimu hiyo kueleza safari ya mpira wa gofu. Draiva, fimbo ya mapigo marefu, huadhibu zaidi kuliko fimbo nyingine kwa sababu uso wake umesimama karibu wima: mpira haupati mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, hivyo ule wa pembeni hutawala.

Mchezaji akiona mpira unakwenda kulia, hulenga kushoto. Hapo ndipo anapojifunga. Mabega yakishageukia kushoto, fimbo hushuka ikitokea nje na kuuparuza mpira kwa mshazari. Pengo kati ya uso wa fimbo na njia yake linazidi, na mpira unakata zaidi. Kesho yake analenga kushoto zaidi. Ushahidi uko chini ya miguu yake: apige kwa fimbo ya chuma namba 7, kisha akitazame kidonda kilichobaki kwenye nyasi. Kikielekea kushoto ya shabaha, fimbo imepita huko.

Tiba huanzia kwenye mshiko, kwa sababu mikono ndiyo inayouongoza uso wa fimbo. Mpini ulale kwenye mashina ya vidole vya mkono wa kushoto, usilale katikati ya kiganja. Ukiinamisha macho uone vifundo viwili vya mkono huo, au vitatu kama slaisi ni sugu, na mfereji kati ya kidole gumba na cha shahada uelekee bega la kulia. Glavu nayo husema: ikitoboka mapema chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo, mpini unakaa pasipo mahali pake na unateleza. Mshiko mpya utaonekana mgeni, na mipira ya kwanza huenda ikaelekea kushoto. Usiuache, hiyo ni dalili kwamba uso umeanza kujifunga.

Baada ya mshiko ndipo ishughulikiwe njia ya fimbo. Weka boksi tupu la mipira shubiri moja nyuma ya mpira, upande ulio mbali na miguu yako, ukiacha nafasi ya fimbo kupita. Bega la kulia likitangulia kushuka, fimbo italigonga boksi. Nyonga ikitangulia, boksi litabaki salama.

Tahadhari moja inastahili kutiliwa mkazo. Kitabu cha mchezaji gofu Ben Hogan cha mwaka 1957, Five Lessons, kimesomwa na vizazi vya wachezaji, lakini Hogan alikuwa akipambana na ugonjwa wa kinyume, yaani mpira kukata kushoto. Mkono wake wa kushoto aliuweka kwa namna ya kuuzuia uso usijifunge. Mwenye slaisi akiuiga mshiko huo bila kujua sababu yake, anajiongezea maradhi.

Mahali pia huficha kosa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake nyepesi haiukamati mpira sana, kwa hiyo slaisi hupinda kidogo. Mchezaji huyohuyo akishuka Mombasa, kwenye hewa nzito ya pwani, pigo lilelile litakata zaidi. Haimaanishi kwamba swingi, yaani mzungusho wake wa fimbo, imeharibika njiani.

Anayetaka kupona aiache draiva kwenye mfuko kwanza, ashike chuma kifupi, apige nusu swingi, na kabla ya kila pigo ahesabu vifundo vyake.